Daftari la Ludo

Babu alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na makaratasi ya karani hayaishi. Baada ya arobaini yake, wakubwa waliniambia mimi, kwa kuwa ati ndiye "mtu wa vitabu" katika familia, nikae na sanduku lake la bati nichambue: kipi kitunzwe, kipi kichomwe. Nilikuta risiti za maji za miaka na miaka, kadi za kliniki, barua za pensheni, na chini kabisa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Juu yake pameandikwa kwa wino wa buluu: LUDO, DESEMBA 2006.

Nililitambua hapo hapo. Nikaacha uchambuzi, nikakaa chini sakafuni.

Wasomaji waliokuwa Tanzania mwaka ule hawajasahau mgao wa umeme. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, na giza likawa mgeni wa kila jioni. Sisi tulikuwa Tanga, nyumbani kwa Babu na Bibi, likizo ya Desemba. Watoto tulikuwa wawili: mimi, miaka 11, na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, miaka 13. Televisheni imekufa, redio imebaki na betri zilizolowa, na Bibi hataki kelele. Babu akaleta ubao wa ludo, ule wa karatasi ngumu wenye nyoka na ngazi upande wa pili, akawasha chemli, akasema tutacheza mpaka mwaka uishe, michezo miwili kila usiku. Na kwa kuwa yeye ni karani, akasema lazima kuwe na daftari.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Wa kwanza kufikisha kete zake zote nne nyumbani anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hana kitu. Huyo aliitwa mkia. Mchezo mmoja, mstari mmoja. Safu zilikuwa nne: Babu, Bibi, Mkubwa, Mdogo. Mdogo ni mimi.

Na kulikuwa na zawadi. Januari palikuwa na harusi ya ukoo Unguja, Babu alialikwa, na nafasi ya mtoto ilikuwa moja tu. Mtoto mwenye pointi nyingi ndiye atakayepanda boti.

Nitarudi kwenye boti. Kwanza naomba tuutazame ubao wenyewe, maana kulikuta daftari lile kulinifanya nijiulize jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: kwa nini mchezo kama ludo uhitaji daftari?

Ukitazama vizuri, ludo ni mchezo unaojihesabia wenyewe. Njia ya kuzunguka ina vyumba 52, na mahali kete ilipo ndipo hesabu yake ilipo. Mtu anayepita kwenda jikoni akitupa jicho tu anajua nani anaongoza, nani ameliwa akarudishwa mwanzo, nani bado anaililia sita atoke. Hakuna haja ya kalamu. Nyoka na ngazi ndiyo zaidi: pale namba zimechapwa ndani ya vyumba, kutoka 1 mpaka 100, kwa hiyo ubao ndio mchezo na ndio karatasi ya matokeo.

Tabia hii ni ya zamani mno. Miaka ya 1920 Leonard Woolley alifukua makaburi ya kifalme ya Ur, kusini mwa Iraki ya leo, akatoa mbao za mchezo wa vyumba 20 zenye umri wa takriban miaka 4,500. Kete zinakimbizana humo kama za ludo. Kanuni zake zilikuja kusomwa baadaye sana, pale Irving Finkel wa British Museum alipofasiri kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli mwaka 177 kabla ya Kristo. Piga hesabu: kati ya mbao zile za Ur na kibao kile kuna zaidi ya miaka 2,000. Mchezo ulikuwa mkongwe hasa wakati yule karani wa Babeli aliposhika kalamu yake ya tete. Na hata hivyo, kibao chake kinatupa namna ya kucheza. Hakitupi nani alimfunga nani. Ubao ulikunjwa, watu wakaenda kulala, na matokeo yakalala nao.

Ludo yetu ilitoka upande mwingine. Uingereza waliisajili kwa jina hilo mwaka 1896, na jina ni la Kilatini, maana yake "nacheza". Lakini Waingereza hawakuibuni. Waliichukua India, kwenye mchezo wa pachisi, wakaipunguza na kuirahisisha ili mtoto aielewe. Pachisi huchezwa juu ya kitambaa kilichokatwa umbo la msalaba, na badala ya dadu hurushwa magamba ya kauri. Unahesabu mangapi yameangukia tumbo na mangapi yameangukia mgongo, kisha unasogea. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihindi la 25, idadi iliyokuwa ikitafutwa kwa hamu kama sisi tunavyoitafuta sita.

Hapa mtu wa pwani anasimama kidogo. Kwa sababu sisi kile kidude cha rangi kinachozunguka ubao tunakiita kete, na kete, kabla haijawa ya ludo wala ya bao, ni gamba dogo la konokono wa baharini, ndugu wa kauri. Kule India gamba lilirushwa kutoa hesabu. Kwetu gamba likawa ndilo linalohesabiwa. Dadu nayo ina safari yake: ni neno lililoshuka na Wareno, ambao kwao ni dado. Kwa hiyo mtoto wa Tanga anayepiga kelele "dadu imeanguka chini ya kiti, haihesabiki!" amebeba mdomoni bahari nzima bila kujua.

Na magamba hayo hayakuwa ya kuchezea tu. Karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakipakia kauri kwenye meli kutoka Zanzibar, wakizungusha mzigo mpaka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha halali sokoni. Buganda nako kauri zilikuwa fedha. Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi, na simbi kwa Kiswahili ni lile lile gamba. Kitu kimoja, basi, kilihesabu mchezo na kilihesabu deni. Nadhani ndiyo maana watu wazima wakicheza, hata bila shilingi mezani, sura zao hubadilika.

Tatizo la kuweka kumbukumbu linaanza pale mchezo mmoja unapokuwa mingi. Abu'l-Fazl, aliyeandika habari za utawala wa mfalme Akbar wa India, anasimulia katika Ain-i-Akbari jinsi michezo ya ubao ilivyochezwa ikulu: watu walikusanyika kwa mamia, hakuna aliyeruhusiwa kurudi kwake kabla ya kumaliza michezo 16, na mashindano yaliweza kuchukua miezi mitatu. Kule Fatehpur Sikri, mji aliouanzisha Akbar, ubao wa pachisi umechongwa uani, kwenye mawe ya sakafu, na inasimuliwa kuwa mfalme alitumia watu badala ya kete. Sakafu ya mawe inaweza kukwambia kete iko wapi usiku wa leo. Haiwezi kukwambia nani ameshinda mara ngapi tangu mwezi uanze. Kwa hilo unahitaji kitu cha pili, pembeni ya ubao, kisichofutika mchezo unapokwisha.

Binadamu alikigundua kitu hicho zamani kuliko dadu yenyewe. Mwaka 1950, pale Ishango, ukingoni mwa Ziwa Edward upande wa Kongo, Jean de Heinzelin alipata mfupa mdogo wenye chanjo zilizopangwa kwa mafungu, wenye umri wa takriban miaka 20,000. Leo uko Brussels. Wasomi hawajakubaliana chanjo zile zilihesabu nini: wapo wanaosema ni mwezi wa mbinguni, wapo wanaosema ni hesabu tu. Lakini mkono uliozichanja ulikuwa na jambo ambalo haukutaka kulisahau. Hata neno la Kiingereza wanalotumia kwa matokeo ya mchezo, score, mwanzo wake ni chanjo kwenye kijiti, na baadaye likawa pia na maana ya ishirini.

Vijiti hivyo ndivyo vilivyonivutia kuliko vyote. Hazina ya Uingereza ilivitumia kwa karne nyingi kuweka kumbukumbu za malipo na madeni. Walichanja alama kupita kijiti kizima, kisha wakakipasua kwa urefu: anayedai anachukua nusu, anayedaiwa anachukua nusu. Siku ya kuhesabiana nusu mbili zinabandikwa pamoja. Ukiongeza chanjo upande wako, upande wa mwenzako utakuumbua. Vilipoachwa kutumika, lundo la vijiti vya zamani lilichomwa kwenye tanuri chini ya jengo la Bunge, tarehe 16 Oktoba 1834, na moto ukapitiliza, ukalila Bunge lenyewe. Watu hupenda kusimulia moto. Mimi nilichokibeba ni ile nusu ya pili.

Sasa turudi sakafuni, kwenye daftari la Babu.

Ukurasa wa kwanza una michezo 24, yote kwa mwandiko wake. Ni mwandiko wa mtu aliyejaza fomu maisha yake yote: umelala kidogo kulia, haugusi mstari. Mwisho wa ukurasa kapiga mstari wa rula na kuandika jumla. Babu 33. Bibi 38. Mkubwa 37. Mdogo 36.

Ukurasa wa pili mwandiko ni mwingine: mkubwa, wa duara, unaobonyeza karatasi mpaka upande wa nyuma. Ni wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, na mwanga wa chemli ulimchosha, kwa hiyo katikati ya mwezi alinikabidhi kalamu akasema kuanzia leo mimi ndiye karani. Nilivimba kichwa kwa cheo kile wiki nzima. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhamisha jumla za ukurasa wa kwanza kwenda juu ya ukurasa wa pili.

Nilihamisha hivi: Babu 33, Bibi 38, Mkubwa 31, Mdogo 36.

Niliirudia mara tatu. Thelathini na moja. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Moja ya Babu ina kikofia kirefu mbele, kama makarani wa zamani walivyofundishwa, na saba yake haina mkato katikati. Ukiwa na haraka zinafanana. Ukiwa na umri wa miaka 11, kwenye mwanga wa chemli, zinafanana. Ukiwa unataka kwenda Unguja, sijui. Labda zinafanana zaidi.

Ukurasa wa pili una michezo 20 na unaishia usiku wa kuamkia mwaka mpya. Humo Babu kapata 27, Bibi 28, dada 34, mimi 31. Niliyoyatangaza usiku ule, nimesimama, daftari mkononi kama hakimu, ni haya: Mdogo 67, Bibi 66, Mkubwa 65, Babu 60. Dada alinyanyuka. Alisema si kweli, yeye ana nyingi kuliko mimi. Aliulizwa zinatoka wapi. Akasema amekuwa akihesabu kichwani. Wakubwa wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Babu akanyoosha kidole kwenye daftari, akasema methali ambayo kila duka la pwani inaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Dada akaenda kulala. Mimi nikaenda Unguja, nikala urojo Forodhani, nikarudi na kofia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya kulihakiki daftari ilikuwepo, na Babu mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kila mchezo unazaa pointi 6: tatu na mbili na moja. Kwa hiyo jumla ya watu wote wanne, ukiigawanya kwa 6, lazima ikupe idadi ya michezo. Michezo 24 ni pointi 144, na jumla za ukurasa wa kwanza ndizo hizo hasa. Michezo 44 ni pointi 264. Jumla nilizotangaza zinafika 258. Sita hazipo. Ni kama mchezo mmoja mzima haukuchezwa, na ukifuata mahali ulipopotelea, unafika kwenye saba ya dada iliyogeuka moja. Hesabu yake halali ilikuwa 71. Alinipita kwa pointi nne. Katika watu wanne alikuwa wa kwanza, nami nikamtangaza wa tatu.

Je, nilifanya makusudi? Nimejiuliza kwa uaminifu niliojaliwa. Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa, nakumbuka kalamu ilikuwa inavuja. Wakati wenyewe wa kuandika 31 sina. Na hata ningekuwa nao, ningeuamini? Ni kumbukumbu ya mtu aliyepanda boti.

Sisi tunaopenda vitabu tuna ugonjwa wa kuliheshimu andiko. Likishindana na mdomo wa mtu, tunasema andiko limeshinda, hasa ikiwa mwenye mdomo ni mtoto, tena wa kike, tena anayelia. Nimesoma historia nyingi zilizojengwa hivyo: daftari la karani upande huu, kumbukumbu za wanakijiji upande ule, na mwandishi anaegemea daftari bila kuuliza lilinakiliwa na nani, saa ngapi, kwa mwanga gani, na mwandikaji alikuwa na kiti kwenye boti au hana. Sisemi midomo haikosei. Bibi, kwa mfano, anaapa mpaka leo kwamba yeye ndiye aliyeshinda Desemba ile. Ninachosema ni kwamba daftari letu lilikuwa kijiti kisichopasuliwa. Nusu zote mbili nilizishika mimi.

Siku hizi watoto wa nyumba ile ile wanacheza ludo kwenye simu. Programu zipo tele. Ludo King ya India, iliyotoka mwaka 2016, ndiyo inayovuma zaidi kwetu. Simu inarusha dadu, inasogeza kete, inaandika nani kashinda mara ngapi, na haina safari ya harusi inayoitamani. Ubishi wa hesabu umekwisha. Umebaki ubishi mpya: kila anayeshindwa anadai simu inampendelea mwenzake. Nikiwasikia nacheka, lakini nawaelewa. Wanauliza swali lile lile la dada: nani anaandika, na nitamhakiki vipi?

Nilikaa na daftari siku mbili kabla sijapiga simu. Dada sasa anaishi Arusha, ana watoto wawili, na mwaka uliofuata ule Babu alimwahidi kumpeleka Unguja, ila mwaka uliofuata Babu aliugua, na baada ya hapo hakusafiri tena. Dada hajawahi kufika Unguja. Hilo nilikuwa nalijua siku zote, kama mtu anavyoijua hali ya hewa.

Nilimwamkia, tukaulizana hali za watoto, kisha nikamwambia nimelikuta daftari la ludo la mwaka ule wa mgao. Akanyamaza. Nikamwambia nimejumlisha upya. Kabla sijataja namba akasema, "Sabini na moja."

Sikuwa na la kusema.

"Nilikuwa nahesabu kila usiku kabla ya kulala," akasema. "Kama tasbihi. Nilikuwa na 71, wewe 67. Siku ile nilijua zimepotea sita, ila sikujua zimepotelea wapi. Zimepotelea wapi?"

Nikamweleza habari ya saba na moja, kikofia na mkato. Akauliza aliyehamisha ni nani. Nikasema ni mimi. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu, nikasikia watoto wake wakigombana nyuma. Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Babu angekufukuza kazi," akasema.

Daftari sijalisahihisha. Andiko la marehemu haliguswi, hata kosa likiwa langu. Nimebandika kikaratasi ndani ya jalada, tarehe na maelezo, Mkubwa 71, na nimemtumia picha ya kurasa zote mbili ili nusu ya kijiti iwe kwake. Alinijibu kwa ujumbe mmoja tu, kuuliza nauli ya boti siku hizi ni shilingi ngapi, na kwamba watoto nao wanalipiwa.